Flaiwili ya Vipande Viwili: Kamati ya Parokia Iamueje?

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mratibu wa vyombo vya usafiri katika semina ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Tumeifupisha kidogo ili ienee katika kurasa zetu. – Mhariri)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo limeleta mabishano katika vikao vyetu vingi. Fundi analeta makadirio ya matengenezo ya gari la parokia. Anasema klachi imekwisha, na kwamba flaiwili nayo ibadilishwe. Mweka hazina akitazama karatasi anaona flaiwili peke yake inazidi bei ya klachi nzima. Hapo kikao kinachemka. Mjumbe mmoja anasema fundi ni mwizi. Mwingine anasema dereva ameliua gari. Wa tatu anauliza: "Gari letu la zamani lilitembea miaka ishirini bila mtu kutaja flaiwili, hili la juzi limekuwaje?"

Swali la huyo wa tatu ni la haki, nami nitaanza na hilo. Baada ya hapo tutaona dalili za uchakavu, kazi ya kubadilisha inavyofanyika, njia za mkato ambazo mtashawishiwa kuzipita, na wajibu wa dereva, wa kamati na wa mfadhili. Sikusudii kuwafanya mafundi. Nakusudia kila mjumbe aweze kuuliza maswali sahihi kabla ya kutia saini.

1. Flaiwili ni nini?

Kila aliyewahi kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga yenye injini ya dizeli ya kizamani amekwisha kuiona flaiwili. Ni lile gurudumu zito la chuma lililo ubavuni mwa injini, ambalo mwendeshaji hulizungusha kwa hendeli wakati wa kuwasha. Uzito ule una sababu. Injini haisukumi mfululizo kama maji ya mto. Inasukuma kwa mapigo, kama mtwangaji anayeinua na kushusha mchi. Gurudumu zito hupokea nguvu ya pigo, likaendelea kuzunguka kwa uzito wake hadi pigo jingine lije.

Katika gari gurudumu hilo limefichwa kati ya injini na giaboksi. Upande mmoja limefungwa kwa bolti kwenye krenkishafti, yaani mhimili mkuu wa injini. Upande wa pili linabeba klachi. Pembeni lina meno ambayo stata huyashika ili kuwasha injini. Kwa miaka mingi flaiwili ilikuwa kipande kimoja cha chuma. Ikikwaruzika, fundi aliipeleka kwa mkereza vyuma, ikasawazishwa, ikarudishwa. Ndiyo maana wazee wetu hawakuijua kama spea ya kununuliwa.

2. Kwa nini ikagawanywa vipande viwili?

Tufanye hesabu ndogo. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa krenkishafti. Ikiwa inazunguka mara 900 kwa dakika, hayo ni mapigo 1,800 kwa dakika, yaani mapigo 30 kila sekunde. Katika dizeli kila pigo ni zito kuliko la petroli, na tabo ikiongezwa linazidi kuwa zito. Mtikisiko huo ukiingia moja kwa moja kwenye giaboksi, gia hugongana, sauti hujaa ndani ya gari, na meno na beringi huumia.

Sasa linganisheni magari mawili mnayoyafahamu. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ina lita 4.2, silinda sita, haina tabo, na nguvu yake ya kuzungusha ni takriban nyutonimita 285. Nissan Navara ya D40, iliyoanza mwaka 2005, ina injini ya lita 2.5 yenye silinda nne na tabo, na inafikisha takriban nyutonimita 400. Injini ndogo zaidi inatoa nguvu kubwa zaidi kwa silinda chache zaidi. Maana yake kila pigo lina uzito mkubwa, na nafasi kati ya pigo na pigo ni ndefu. Land Cruiser ile inaridhika na flaiwili ya kipande kimoja. Navara ile ilitoka kiwandani na flaiwili ya vipande viwili. Hali kadhalika Land Rover Defender yenye injini ya Td5, iliyouzwa kuanzia mwaka 1998 hadi injini ilipobadilishwa mwaka 2007.

Flaiwili ya vipande viwili ilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1985 na kampuni ya LuK ya mji wa Bühl, Ujerumani. Kipande cha kwanza kimefungwa kwenye injini, cha pili kinabeba klachi. Katikati yake kuna springi ndefu zilizopinda kama upinde, zikiwa ndani ya mfereji wenye grisi, na beringi inayokiwezesha kipande kimoja kucheza kidogo dhidi ya kingine. Pigo la injini linabana springi, springi inaachia taratibu, na giaboksi inapata mzunguko uliotulia.

Basi jibu la yule mjumbe wa tatu ni hili: gari la zamani lilikuwa na chuma kitupu, hili lina kifaa chenye springi, grisi na beringi. Kitu chenye springi, grisi na beringi huchakaa. Springi huchoka au kuvunjika, grisi hukauka au kuvuja, beringi hulegea. Ni kifaa cha kutumika na kwisha, kama klachi yenyewe, ingawa kwa kawaida hudumu zaidi yake. Hakuna idadi moja ya kilomita ambayo naweza kuwapa, kwa sababu mzigo, barabara na mguu wa dereva hutofautiana.

3. Dalili, na tahadhari kuhusu dalili

Flaiwili iliyochakaa hutoa taarifa kabla ya kushindwa kabisa. Dalili za kawaida ni hizi:

(a) Mgongano wa chuma wakati wa kuwasha injini na hasa wakati wa kuizima, kama mtu aliyegonga sufuria tupu chini ya sakafu.
(b) Mlio wa kukereketa injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta.
(c) Mtetemo unaosikika kwenye pedali ya klachi au sakafuni.
(d) Gari kuruka-ruka linapoanza kuondoka, hata dereva akiachia klachi kwa upole.

Lakini, ndugu wajumbe, dalili si hukumu. Mlio unaotokea klachi ikikanyagwa tu mara nyingi ni wa beringi ya klachi. Mlio unaopotea klachi ikikanyagwa unaweza kuwa wa beringi za giaboksi. Injini inayonguruma huku gari haliongezi mwendo ni klachi pleti inayoteleza. Injini inayotikisika yenyewe inaweza kuwa na nozeli mbovu au raba za kushikilia injini zilizokufa. Fundi mwaminifu huanza na vitu vinavyoweza kukaguliwa bila kushusha giaboksi: nozeli, raba, na mfumo wa mafuta ya klachi. Akishashusha giaboksi hapo ndipo ushahidi unaonekana kwa macho.

Na ushahidi huo unapimika. Kipande cha pili huzungushwa kwa mkono kulia na kushoto ili kuona kinacheza kiasi gani kabla springi hazijakaza; kisha hutikiswa mbele na nyuma ili kuona beringi imelegea kiasi gani. Vipimo hivyo hulinganishwa na kipimo cha mtengenezaji kwa flaiwili ya namba ileile, kwa maana kila aina ina kiwango chake. Aidha, fundi ataangalia kama grisi imerushwa ndani ya nyumba ya klachi, na kama uso wa chuma una mabaka ya buluu au nyufa, ambazo ni alama za joto kali. Mkumbuke pia kwamba flaiwili mpya nayo hucheza kidogo. Fundi anayetikisa kifaa mbele yenu na kusema "mnaona, imekufa" bila kipimo chochote bado hajawathibitishia kitu.

4. Mfano wa parokia moja

Nitatoa mfano wa parokia moja ambayo sitaitaja. Gari lake lilikuwa likihudumia zahanati, shule na vigango vya mbali. Klachi ilianza kuteleza, ikabadilishwa. Baada ya miezi michache gari likaanza kuruka-ruka, klachi ikabadilishwa tena. Safari ya pili kamati ilikwisha kuchoka. Ikaamuliwa kwamba dereva anachoma klachi kwa makusudi ama kwa uzembe, na gharama ikaanza kukatwa kwenye mshahara wake. Alivumilia miezi miwili, akaondoka.

Dereva mpya akaja, na ugonjwa ukarudi uleule. Safari hii giaboksi iliposhushwa, fundi mwingine alipima flaiwili na kukuta imelegea kupita kiwango. Akatoa nozeli zote, akazipeleka kupimwa. Moja ilikuwa inadondosha mafuta badala ya kuyapuliza, na silinda ile ilikuwa haiwaki sawa na wenzake. Injini ilikuwa ikiitikisa flaiwili mchana na usiku, flaiwili iliyolegea ikaharibu klachi, na klachi mpya mbili zikawa zimewekwa juu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta. Wakati wote huo wajawazito waliohitaji rufaa walikuwa wakipakiwa kwenye pikipiki.

Katika mfano huu fedha zilipotea, na fedha zinaweza kutafutwa. Lakini baba mwenye familia alihukumiwa bila ushahidi na kamati ya Kanisa. Nawaomba wajumbe walione hilo kuwa zito kuliko bei ya spea. Kama kipimo kingefanyika mara ya kwanza, gari lingepona na yule ndugu angebaki na kazi yake na jina lake.

5. Kazi ya kubadilisha: kamati ihakikishe nini?

Kuifikia flaiwili ni kazi kubwa. Betri hukatwa, gari huinuliwa na kuegemezwa kwenye stendi imara (wala si kwenye jeki peke yake), propela hufunguliwa, na katika gari la magurudumu manne giaboksi hushuka pamoja na kisanduku chake cha kugawa nguvu. Uzito huo haushushwi kwa mikono ya vijana wawili. Unahitaji jeki ya giaboksi. Watu wameumia kwa kudharau jambo hilo. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya ufundi unaolipiwa ni ule wa kushusha na kupandisha, ni busara kufanya yote yanayotakiwa ndani humo kwa safari moja.

Kwa hiyo makadirio yakija, kamati iulize mambo haya saba:

Kwanza, je, klachi pleti, presha pleti na beringi ya klachi vinabadilishwa pamoja na flaiwili? Kuweka flaiwili mpya na klachi iliyolika ni kujipangia kushusha giaboksi tena. Magari ambayo silinda ya kusukuma klachi iko ndani ya giaboksi, nayo ibadilishwe wakati huohuo.

Pili, je, namba ya flaiwili imelinganishwa na namba ya injini na chasisi? Zinafanana kwa macho na kutofautiana kwa vipimo.

Tatu, je, sili ya nyuma ya krenkishafti imekaguliwa? Oili ikivuja pale italowesha klachi mpya, nayo itateleza.

Nne, je, bolti za flaiwili ni mpya? Katika magari mengi bolti hizo zimetengenezwa zivutike kidogo zinapokazwa, hivyo hutumika mara moja tu. Zinakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio na kiwango cha mtengenezaji. Kukaza kwa kukisia ni hatari.

Tano, je, klachi pleti itawekwa katikati kwa kifaa chake? Isipokaa katikati giaboksi haitaingia vizuri, na wakiilazimisha kwa kuivuta na bolti wataiharibu pleti mpya.

Sita, je, chanzo kimetafutwa? Nozeli zimepimwa? Injini inawaka sawasawa?

Saba, je, vifaa vya zamani vitarudishwa ofisini kwa paroko? Flaiwili ya zamani ni ushahidi. Ikae stoo hadi mkaguzi aione, kisha iuzwe kama chuma chakavu na risiti iwekwe kwenye faili.

Niongeze mawili ya utunzaji. Flaiwili ya vipande viwili iliyoanguka chini isifungwe, kwa kuwa inaweza kuwa imeumia ndani pasipoonekana. Wala isioshwe kwa petroli au kwa maji ya presha, maana grisi iliyomo ndani haitarudi.

6. Njia za mkato

Ya kwanza ni kuchomelea. Kuna mafundi wanaoviunganisha vipande viwili kwa moto wa welding ili viwe kimoja. Ndugu zangu, kataeni kabisa. Chuma hicho huzunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na miguu ya dereva. Moto huharibu uwiano wake na uimara wake, na kikipasuka hakichagui padre wala mgonjwa.

Ya pili ni flaiwili ya mtumba kutoka gari lililobomolewa. Hakuna ajuaye ilibeba mizigo gani. Ukiihesabu pamoja na ufundi wa kushusha giaboksi mara ya pili itakapokufa, unafuu wake hautauona. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Ya tatu inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu si upuuzi. Kwa baadhi ya magari, zikiwemo Defender ya Td5 na Navara niliyoitaja, zinauzwa seti kamili za kubadilisha kuwa flaiwili ya kipande kimoja. Faida yake ni kwamba haina springi za kuchoka, na safari ijayo klachi ikiisha utanunua klachi tu. Hasara yake ni kwamba mtikisiko ambao ulikuwa unanyonywa na flaiwili sasa unaelekea giaboksi. Kelele huongezeka, na katika baadhi ya magari giaboksi huumia mapema.

Msimamo wangu ni huu. Pale ambapo seti imetengenezwa mahsusi kwa injini hiyo, na inakuja na klachi pleti yenye springi, kamati inaweza kuifikiria. Hapo kwenye pleti ndipo wengi hukosea: klachi pleti ya flaiwili ya vipande viwili mara nyingi haina springi kwa kuwa springi zimo ndani ya flaiwili. Ukiweka chuma cha kipande kimoja ukarudisha pleti isiyo na springi, umeondoa kinga zote mbili. Uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kwenye kitabu cha gari, ili fundi wa miaka mitano ijayo ajue kilichomo. Kama gari ni jipya, au mfadhili ameweka masharti juu ya hali yake ya kiwandani, rudisheni ya vipande viwili.

7. Mguu wa dereva

Nimemtetea dereva, lakini sikusudii kumwondolea wajibu wake. Flaiwili huuawa kwa mazoea, na mazoea hurekebishwa kwa mafunzo, si kwa makato ya mshahara.

Zoea baya la kwanza ni kupanda mlima na mzigo katika gia kubwa huku injini ikihema kwa mzunguko mdogo. Wengi hudhani wanabana mafuta. Kumbe mapigo yanakuwa mazito na ya mbalimbali, na springi zinabanwa hadi mwisho. Ashushe gia. La pili ni kuondokea gia ya pili. La tatu ni kupumzisha mguu kwenye pedali ya klachi, au kushikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. La nne ni kuhangaika matopeni kwa kuchezesha klachi mbele na nyuma. Gari la magurudumu manne lina gia nzito kwa kazi hiyo, itumike. La tano ni kuizimisha injini mara kwa mara kwa kuachia klachi ghafla.

Mzigo nao ni wetu sote. Kamati inayopakia saruji kupita uwezo wa gari kwa kuwa safari ni ya mbali, kisha ikamlaumu dereva klachi ikinuka, inajidanganya. Uzito unaoruhusiwa uandikwe kwa maandishi makubwa mlangoni, na dereva awe na haki ya kukataa mfuko wa ziada hata kama aliyeuleta ni mjumbe.

8. Fedha za matengenezo

Injili inamtaja mjenzi wa mnara anayetakiwa kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Gari nalo ni mnara. Napendekeza kila parokia itenge kiasi kwa kila kilomita. Nitoe mfano wa hesabu tu: gari likitembea kilomita 1,500 kwa mwezi, na zikatengwa shilingi 200 kwa kila kilomita, mfuko utapata shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Kila parokia iweke namba zake kulingana na gari lake na bei za spea mjini kwake. Muhimu ni kwamba kila anayeliazima gari, awe idara ya afya, shule au kikundi cha kina mama, achangie kilomita zake, na fedha hizo zikae katika hesabu isiyoguswa kwa sherehe.

Makadirio yatoke kwa mafundi watatu pale inapowezekana, yakiwa na namba za spea, si maneno "flaiwili moja" peke yake. Kitabu cha gari kionyeshe tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na aliyekibadilisha. Kikiwa kimejazwa vizuri, kitabu hicho kitawasaidia kuwalinda dereva, fundi na mweka hazina dhidi ya tuhuma, na kitamwonyesha mfadhili kuwa mali yake inatunzwa.

9. Neno kwa wafadhili wetu

Wapendwa wageni, tunawashukuru kwa ukarimu wenu. Nawaomba mambo matatu. Kabla ya kutuma gari, tuulizeni ni aina gani ambayo spea zake zinapatikana katika mji ulio karibu na parokia, kwani gari zuri la Ulaya lisilo na spea huku ni banda la kuku. Pili, ruhusuni fungu la matengenezo katika bajeti ya mradi. Mradi wa miaka mitatu wa zahanati ya vijijini usio na fungu hilo hutegemea kwamba hakuna chuma kitakachochakaa. Tatu, mkiletewa ombi la flaiwili msilione kuwa dalili ya uzembe. Ombeni vipimo, picha na kitabu cha gari. Kamati iliyofuata niliyoyasema itavitoa bila kusita.

10. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba wajumbe warudi parokiani na maazimio matatu ya kupeleka kwenye vikao vyao. La kwanza: hakuna klachi itakayobadilishwa bila flaiwili kupimwa na kipimo kuandikwa. La pili: hakuna dereva atakayekatwa mshahara kwa ajili ya kifaa kilichochakaa kabla chanzo hakijatafutwa na yeye mwenyewe kusikilizwa. La tatu: mfuko wa kilomita uanze mwezi ujao, hata kwa kiasi kidogo.

Gari la parokia halikununuliwa ili lipambe uwanja wa kanisa. Kuna kigango ambacho padre hufika mara moja kwa mwezi, kuna chanjo zinazosubiri kwenye sanduku la barafu, kuna mama ambaye uchungu umemshika usiku. Hao wote hawaijui flaiwili wala hawana haja ya kuijua. Sisi tuliokabidhiwa funguo na fedha ndio tunaopaswa kuijua kwa niaba yao.